Sehemu za aljebra: kwa nini jibu langu ni refu kuliko la kitabuni?

#1 Msomi_wa_Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Narudia hesabu za sekondari peke yangu, najiandaa kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwalimu sina, nina kitabu na simu. Swali lililonikalia kooni ni hili:

x/(x² − 9) + 2/(x² − 6x + 9)

Nimefanya kama tulivyozoea shule ya msingi: asili zikitofautiana, zidisha moja kwa nyingine, halafu kiasi cha huku kizidishe asili ya kule. Nikapata

(x³ − 4x² + 9x − 18) / (x⁴ − 6x³ + 54x − 81)

Nimerudia kuzidisha, sioni mahali pa kurekebisha. Nikifungua majibu nyuma ya kitabu nakuta

(x² − x + 6) / [(x + 3)(x − 3)²]

Kitabu kimekosea au mimi? Na kama wote tuko sawa, mbona havifanani hata kwa mbali?

#2 Kibao_cha_Chapati

Ngoja wataalamu waje. Mimi nimekaa paleee na daftari.

#3 Chaki_Nyeupe

Wote mko sahihi. Usiniamini kwa maneno, weka x = 1 kila mahali.

Swali: 1/(−8) + 2/4, yaani −1/8 + 4/8 = 3/8.
Jibu lako: juu 1 − 4 + 9 − 18 = −12, chini 1 − 6 + 54 − 81 = −32. Hasi kwa hasi, 12/32, ambayo ni 3/8.
La kitabu: 6/(4 × 4) = 6/16 = 3/8.

Namba moja kukubali haitoshi kuthibitisha, lakini zikikataa ujue kuna mahali pamevuja. Hiyo tabia ya kuonja jibu kwa namba ibebe mpaka chumba cha mtihani.

Sasa kwa nini lako ni refu. Chambua asili kwanza, kabla hujagusa kitu kingine:

x² − 9 = (x − 3)(x + 3)
x² − 6x + 9 = (x − 3)(x − 3)

Unaona (x − 3) yuko kote kuwili. Ulipozidisha asili nzima kwa asili nzima, ukapata (x − 3) mara tatu. Hakuna asili hata moja inayomdai mara tatu. Anayedai zaidi ni yule wa pili, na anadai mara mbili. Kwa hiyo KDS (kigawe kidogo cha shirika) ni (x − 3)²(x + 3), basi.

Kisha uliza kila sehemu inakosa nini ili ifike hapo. Ya kwanza inakosa (x − 3) moja, ya pili inakosa (x + 3). Inachokosa chini, mpe na juu:

x(x − 3) + 2(x + 3) = x² − 3x + 2x + 6 = x² − x + 6

Jibu lako ni hili hili lililozidishwa juu na chini kwa (x − 3). Ukikata linarudi kuwa la kitabu. Ila niambie, nani ataitazama x³ − 4x² + 9x − 18 na kujua kwamba ndani yake kuna (x − 3), dakika zinakwenda na msimamizi anatembea nyuma yako?

#4 Msomi_wa_Usiku

Mwalimu, nimeelewa hapo kwenye "inakosa nini". Kwa namba ndiyo ile 5/12 + 7/18, siyo? 12 ni 2 × 2 × 3, na 18 ni 2 × 3 × 3. Natakiwa kuchukua 2 mara mbili na 3 mara mbili, 36. Nikizidisha zote napata 216.

#5 Chaki_Nyeupe

Hiyo hiyo. 15/36 + 14/36 = 29/36. Kwa 216 ungefika, ila kwa mzunguko, na mwisho ungelazimika kukata kwa 6.

Zenye herufi zilizozidishana tu nazo zinafuata sheria ile ile. 5/(6a²b) − 3/(8ab³): KDS ya 6 na 8 ni 24, kipeo kikubwa cha a ni 2, cha b ni 3, kwa hiyo chini ni 24a²b³. Ya kwanza inakosa 4b², ya pili inakosa 3a. Jibu: (20b² − 9a)/(24a²b³). Hapa wengi hawapati shida. Shida inaanza kwenye mabano.

#6 Dalali_Mstaafu

Nimeuza viwanja miaka mingi, sijawahi kuombwa x² − 9 na mteja yeyote. Mnawatesa vijana bure.

#7 Kibao_cha_Chapati

😂😂 Dalali kaja na ukweli wake.

#8 Faraidhi_na_Kahawa

Dalali, ukiitwa kwenye shamba la marehemu ambalo warithi wanataka kugawana, utaombwa. Si x² − 9, lakini kazi ni ile ile anayoieleza mwalimu.

Mtu amefariki, ameacha mke, mama, binti mmoja na kaka mmoja wa baba na mama. Tunaosoma faraidhi, yaani elimu ya mirathi ya Kiislamu, tunaandika hivi: mke thumni, 1/8, kwa kuwa marehemu ana mtoto. Mama sudusi, 1/6, kwa sababu hiyo hiyo. Binti akiwa mmoja na hana ndugu wa kiume, nusu. Kaka ni asaba, anachukua kinachobaki.

Ukizidisha 8 × 6 × 2 unapata 96. Hakuna ustadhi atakayekuambia ugawe shamba mafungu 96. Asili ya masala, yaani idadi ya mafungu ya kugawia, hapa ni 24: mke 3, mama 4, binti 12, jumla 19, kaka anabaki na 5.

Sasa sikilizeni namna tunavyofundishwa kuipata hiyo 24, maana nadhani itamsaidia mwanzisha uzi kuliko orodha ya hatua. Ukiwa na asili mbili mkononi, hujazidisha chochote, unajiuliza kwanza zina uhusiano gani. Mahusiano ni manne tu.

Tamathuli: zinalingana. 6 na 6. Chukua moja, nyingine iache.
Tadakhuli: moja imeingia ndani ya nyingine. 2 na 6, au 4 na 8. Chukua kubwa.
Tawafuki: hakuna iliyoingia ndani ya mwenzake, lakini kuna kitu wanashirikiana. 6 na 8 wanashirikiana 2. Gawa mojawapo kwa hicho wanachoshirikiana, kisha zidisha na nyingine nzima: 6 ÷ 2 = 3, na 3 × 8 = 24.
Tabayuni: hawana wanachoshirikiana zaidi ya 1. 3 na 8. Hapo ndipo unazidisha moja kwa moja.

Kwenye mfano wangu, 2 imeingia ndani ya 6 kwa hiyo inatoka, tunabaki na 6 na 8, tawafuki, 24. Mafungu yaliyotajwa kwenye Qur'ani ni sita, yaani 1/2, 1/4, 1/8, 2/3, 1/3 na 1/6, na ukiyachanganya kwa kanuni hizo huwezi kutoka nje ya asili saba: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Ndiyo maana wazee wetu wanazijua kwa moyo.

Mwanzisha uzi alichokifanya ni kuichukua kila jozi kana kwamba ni tabayuni.

#9 Dalali_Mstaafu

Ustadhi, hapo nimekusoma. Lakini na mafungu yakizidi shamba lenyewe? Niliwahi kusikia jambo hilo.

#10 Faraidhi_na_Kahawa

Yapo, inaitwa auli. Mashuhuri zaidi ni ile masala ya mimbari: mke, mabinti wawili, baba na mama. Asili 24. Mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4, jumla 27. Asili inapandishwa iwe 27, kila mtu anapungukiwa kwa uwiano wake. Thumni ya mke inageuka tusui, 3/27, yaani 1/9. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari akaijibu papo hapo. Lakini tusimpoteze kijana, huo ni uzi mwingine.

#11 Chaki_Nyeupe

Ustadhi, umenipa kitu nitakachokipeleka darasani. Na si ajabu mambo haya mawili kukutana: Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, wa Baghdad karne ya 9, kitabu chake cha aljebra kina sehemu kubwa inayohusu wasia na mirathi. Watu walikuwa na mashamba ya kugawa.

Ngoja niyahamishe mahusiano manne kwenye herufi.

Tamathuli: 3/(x − 2) + 5/(x − 2). Haina maneno. Lakini ipo tamathuli iliyojificha: 3/(x − 2) + 5/(2 − x). Vijana wengi wanaandika KDS (x − 2)(2 − x), na hapo wameshajitafutia kazi. 2 − x ni −(x − 2). Ni yule yule amegeuka mgongo. Toa alama ya hasi nje: 3/(x − 2) − 5/(x − 2) = −2/(x − 2). Ukikuta asili mbili zenye namba zile zile na alama zimebadilishana, simama hapo kwanza.

Tadakhuli: 1/(x + 1) + 4/(x² − 1). (x + 1) yumo ndani ya x² − 1, kwa hiyo KDS ni x² − 1. Sehemu ya pili huigusi kabisa.

Tawafuki: swali la mwanzisha uzi. x² − 9 na x² − 6x + 9 wanashirikiana (x − 3). Gawa ya pili kwa (x − 3), inabaki (x − 3), zidisha na x² − 9 nzima. Unapata (x − 3)(x² − 9), ambayo ndiyo (x − 3)²(x + 3). Kanuni ya ustadhi imefanya kazi bila kubadilishwa herufi moja.

Tabayuni: 1/x + 1/(x + 2). Hapa KDS ni x(x + 2). Kuna kijana ataniambia x yumo ndani ya x + 2 kwa sababu anaiona kwa macho. Hayumo. Kuonekana kwenye kujumlisha si kuwa kigawo. 5 inaonekana kwenye 5 + 2, na 7 haigawanyiki kwa 5. Kosa hili ndilo linalozaa lile lingine la kukata x kwenye (x + 3)/x na kubaki na 3. Ukiona mtu amefanya hivyo mwambie aweke x = 1: (1 + 3)/1 ni 4.

Na x² + 4 msiichambue. Si (x + 2)², maana (x + 2)² ni x² + 4x + 4. Kwa namba tunazotumia kidato cha nne, x² + 4 haivunjiki, inabaki kigawo kizima kama namba tasa.

#12 Fundi_Redio_Kona

Mimi si mtu wa mirathi, ila kwenye benchi langu hii ipo kila siku. Rezista mbili zikiwa sambamba, 1/R = 1/R₁ + 1/R₂. Asili ya pamoja R₁R₂, unapata (R₂ + R₁)/(R₁R₂), geuza, R = R₁R₂/(R₁ + R₂). Om 4 na om 12: 48/16 = 3. Lakini ukitazama kwa jicho la ustadhi, 4 imeingia ndani ya 12, kwa hiyo 3/12 + 1/12 = 4/12, geuza, 3. Nilikuwa naifanya kichwani hivyo bila kujua ina jina.

#13 Binti_Pwani

Swali kwa mwalimu. Yote haya yanategemea niweze kuchambua asili kuwa vigawo. Nikikutana na dude kama hili je?

1/(x² − 2x − 323) + 1/(x² + 4x − 221)

Nitakaa natafuta namba mbili zinazozidishana kuwa 323 mpaka karatasi zikusanywe.

#14 Chaki_Nyeupe

Swali zuri kuliko yote hapa ndani. Kuna njia ambayo haihitaji uchambue lolote mwanzoni. Imekuwepo tangu Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, kwenye kitabu cha saba cha Elements, yeye akiitumia kwa namba.

Kama kuna kigawo wanachoshirikiana, basi kigawo hicho kinaigawa pia tofauti yao. Toa ya kwanza kutoka kwenye ya pili:

(x² + 4x − 221) − (x² − 2x − 323) = 6x + 102 = 6(x + 17)

Kwa hiyo kama wanashirikiana chochote chenye x, ni (x + 17), hakuna kingine. Jaribu x = −17 kwenye ya kwanza: 289 + 34 − 323 = 0. Naam, yumo. Kwenye ya pili hutahitaji hata kujaribu, kwa sababu anayeigawa ya kwanza na tofauti lazima aigawe na ya pili.

Sasa kugawa ni rahisi: 323 ÷ 17 = 19, 221 ÷ 17 = 13.

x² − 2x − 323 = (x + 17)(x − 19)
x² + 4x − 221 = (x + 17)(x − 13)

KDS: (x + 17)(x − 19)(x − 13). Juu: (x − 13) + (x − 19) = 2x − 32.

Na kama x = −17 isingetoa sifuri, ungejua ni tabayuni, unazidisha zote bila wasiwasi kwamba umeacha kitu. Namba iliyo mbele ya x² ikitofautiana, zidisha moja kwanza ili x² zifutane unapotoa. Vipeo vikiwa vikubwa zaidi unaendelea kutoa na kugawa mpaka kibaki sifuri. Ni kazi ndefu, na kwenye mtihani wa kidato cha nne sijaona ikihitajika.

#15 Binti_Pwani

Mwalimu!! Hiyo ya kutoa moja kutoka kwa nyingine mbona hatukuambiwa?

#16 Kibao_cha_Chapati

Daftari limejaa. Natafuta lingine.

#17 Msomi_wa_Usiku

Nina swali la mwisho kabla sijalala. Rafiki yangu anasema yeye haangaiki na asili kabisa, anazidisha kila kitu kwa KDS na asili zinapotea. Nikifanya kwenye swali langu la kwanza nabaki na x² − x + 6 tu. Anasema hilo ndilo jibu.

#18 Chaki_Nyeupe

Rafiki yako anafanya jambo halali mahali pasipo pake. Asili zinapotea pale tu penye alama ya sawasawa, kwa sababu unazidisha pande zote mbili na mizani haiyumbi. Swali lako halina upande wa pili. Ukizidisha kwa KDS umebadilisha thamani yake. Weka x = 1: swali linatoa 3/8, yeye atatoa 6.

Na hata penye mlinganyo, kuna mtego. Angalia:

1/(x − 2) + 1/(x + 2) = 4/(x² − 4)

KDS ni x² − 4. Zidisha pande zote: (x + 2) + (x − 2) = 4, kwa hiyo 2x = 4, x = 2. Unafurahi, unapigia mstari. Kisha unarudisha 2 kwenye swali na chini kunakuwa sifuri. Mlinganyo huu hauna jibu. Ile 2 imezalishwa na kuzidisha kwetu, haikuwemo.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu: ukishachambua asili, andika pembeni namba ambazo x haruhusiwi kuwa, kabla hujaendelea. Vigawo viko mbele ya macho yako wakati huo, ni kazi ya sekunde chache. Ukisubiri mwisho, vingine vitakuwa vimekatwa na hutaviona tena.

Haya, fanyeni hili na mlete hapa, wote mliokaa "paleee":

1/(x² − x) + 2/(x² − 1) − 3/(x² + x)

#19 Kibao_cha_Chapati

Nimeanza mimi. Asili: x(x − 1), (x − 1)(x + 1), x(x + 1). KDS x(x − 1)(x + 1).
Juu: (x + 1) + 2x − 3x − 3 = −2.
Jibu −2/[x(x − 1)(x + 1)].

#20 Binti_Pwani

Kibao, onja kwanza. Weka x = 2. Swali: 1/2 + 2/3 − 3/6 = 2/3. Lako: −2/6, yaani −1/3. Pamevuja.

Asili zako ziko sawa. Angalia sehemu ya tatu, inakosa (x − 1), kwa hiyo ni −3(x − 1). Hasi inaingia kwa wote wawili ndani ya mabano: −3x + 3.

#21 Msomi_wa_Usiku

Mimi nimepata (x + 1) + 2x − 3x + 3 = 4. Kwa hiyo 4/[x(x − 1)(x + 1)]. Kwa x = 2 ni 4/6, 2/3. Imekubali.

Nimejaribu na ile njia yangu ya zamani kwa udadisi. Chini kunaanzia x⁶. Sikuendelea.

#22 Faraidhi_na_Kahawa

Na angalieni jozi zake: kila asili na mwenzake ni tawafuki. x(x − 1) na (x − 1)(x + 1) wanashirikiana (x − 1), gawa moja, zidisha, unapata x(x − 1)(x + 1). Ukiileta ya tatu, x(x + 1), unakuta tayari imeingia ndani. Tadakhuli. Huongezi kitu.

#23 Chaki_Nyeupe

Sahihi Msomi, na asante Ustadhi. Msomi, bado hujaandika x haruhusiwi kuwa nini.

#24 Msomi_wa_Usiku

0, 1 na −1.

#25 Dalali_Mstaafu

Mwalimu, niwekee na mimi moja, ila isiwe na x² mbili.